Polisi wa Sinema Nusura Watuvunjie Posa

Wanangu, kila mkiniuliza nilikuwa nafanya kazi gani kabla sijastaafu, nami nikawajibu kwamba nilikuwa nawasemea polisi wa Kiingereza wanaokula rushwa, mnaangua kicheko mnadhani bibi yenu Zuwena kaanza kupotewa na akili. Haya, kaeni. Wewe uliye karibu na dele, mimina kahawa. Tende zi hapo. Na hizo simu zilazeni kifudifudi, maana leo nataka masikio.

Nilikuwa mfasiri wa filamu. Yale maneno ya Kiarabu yanayopita chini, mtu anaposema Kiingereza na nyie mkasoma, hayaoti yenyewe kama uyoga. Kuna mtu kakaa mahali, macho mekundu, kayaandika. Wenzangu wengine walipewa filamu za mapenzi, wengine za wanyama. Fungu langu mie lilikuwa zile filamu ngumu za Kiingereza za uhalifu: mvua haikatiki, kila mtu kavaa koti, chai inapoa mezani haina mnywaji, na mkubwa wa polisi ni mwizi kuliko mwizi mwenyewe. Nilizipenda, wallahi. Nilizipenda kama wengine wanavyopenda taarabu.

Niliingiaje? Kwa sababu ya kibiongo.

Tulikuwa Ibra, hapa hapa Oman, kwa jamaa za mume wangu, wanawake tumejaa chumba kizima tunatazama kaseti. Filamu ya polisi. Mhalifu anamwambia mwenziwe kwamba inspekta fulani "amepinda". Sasa, Kiingereza cha mitaani, polisi aliyepinda ni yule anayekula rushwa. Lakini aliyefasiri alifungua kamusi, akakuta mtu aliyepinda ni mwenye kibiongo. Basi chini pakaandikwa, kwa Kiarabu fasaha kabisa, "Msimwogope, yule ana kibiongo." Filamu nzima hivyo. Kibiongo hiki, kibiongo kile, makao makuu wanafanya uchunguzi kuhusu vibiongo. Shangazi yake mume wangu akasogea mpaka pua inagusa kioo. "Mbona mgongo wake umenyooka?" akauliza. Mwengine akamjibu, "Koti ndilo linaloficha." Tena kila mhalifu alipomwita polisi "gavana", yaani "bosi" kwa lugha yao ya kule, pakaandikwa "Mheshimiwa Wali", mtawala wa mkoa. Wezi wote wa London wakawa wanapeana mikono na mawali!

Mie nilikuwa nimelala chini, mbavu hazina nguvu. Maana Kiingereza kile nilikijua. Tulipotoka Unguja nikiwa msichana, baba alitupeleka mji mmoja wa bandari huko Uingereza, tukapanga juu ya duka la samaki wa kukaanga. Jioni mie nilikuwa nauza kaunta, na wateja wetu wakubwa walikuwa polisi. Wakila wanasema, na wakisema juu ya mwenzao aliyepinda, sauti inashuka na siki inamwagika. Pale ndipo nilipojifunza kwamba mchongezi wanamwita "majani", na polisi wenyewe huitwa "shaba".

Nikamwandikia mwenye kampuni ya kaseti zile, Maskati. Sikumlaumu mfasiri wake. Kamusi ilimwambia hivyo, naye akaiamini kama sote tunavyoamini kilichochapwa. Nilimweleza tu habari ya kibiongo. Akanipigia simu, nasikia mtu anahema kwa kucheka. Kisha akasema, "Mama, ukitaka kazi, ipo."

Ila palikuwa na tatizo. Kiarabu changu kilikuwa cha jikoni na sokoni. Mume wangu Saif, Mungu amrehemu, alikuwa mwalimu wa Kiarabu hapa Nizwa, Kiarabu chake kimepigwa pasi, lakini Kiingereza alikuwa anajua "good morning" tu, tena aliisema mchana. Basi tukafanya hivi: mie nasikia Kiingereza, namtolea Kiswahili; yeye anachukua Kiswahili, anakitia Kiarabu. Wahalifu wale wote wa London walipita Unguja kwanza ndipo wakafika Nizwa. Walaji wakiona Kiarabu kina ladha fulani, hawajui ni ladha ya nini. Ni karafuu!

Kwa nyie mnaotaka kazi hii, nawapa mambo niliyojifunza, chukueni mnachotaka. Fupisha. Mtu anasoma huku anatazama, hana macho manne. Mie nilikuwa na wifi yangu, Bi Thuraya, aliyejifunza kusoma ukubwani. Anasoma polepole, midomo inacheza. Nikimkalisha mbele ya televisheni. Bi Thuraya akimaliza mstari kabla haujaondoka, basi Nizwa nzima itamaliza. Asipomaliza, nakata. "Polisi aliyepinda" tuliwahi kumwandikia mstari mrefu kama treni, mpaka siku moja nikamwambia Saif, "Kwetu mtu wa namna hii husemwa vipi?" Akasema, "Husemwa, yule anakula." Basi! Maneno mawili. Anakula. Kila mtu duniani anajua anakula nini.

Matusi nayo ni elimu. Mhalifu wa London hawezi kuomba chumvi bila ya kutukana. Saif alikuwa na udhu wake, hataki. Muuaji kashika kisu, damu inachuruzika, Saif anasema, "Andika: Ewe mtu." Nikamwambia, "Mume wangu, huyu anakwenda kuua, hafungui mkutano!" Tulivutana mpaka tukakubaliana: mbwa tuliruhusu, punda tuliruhusu, mama za watu hapana.

Lakini la muhimu kuliko yote: semeni kwa sauti. Maneno ya filamu ni maneno ya mdomo. Ukiyaandika kimya kimya yanakufa. Sisi tulikuwa tunaigiza. Mie nilikuwa inspekta mbovu, kwa sababu ya sauti yangu nzito, na Saif alikuwa mhalifu. Mwiko wa ubao ndio bastola. Na hapo ndipo tulipofikia kutaka kumharibia Rahma maisha.

Rahma ni binti yetu, mama yenu baadhi yenu. Alikuwa anafanya kazi ya dawa hospitali hapa Nizwa, na kijana mmoja wa Bahla akamwona akamtaka. Kijana anaitwa Khalfan. Kalelewa na bibi yake tangu mdogo, mama yake alikwisha kufariki. Rahma naye, ukimtaja Khalfan alikuwa anaanza kukunja nguo zilizokwisha kukunjwa, kwa hiyo nilijua. Kitu kimoja tu kilinitia wasiwasi: Khalfan ni polisi.

Polisi kweli. Tena mwema, kila tuliyemuuliza Bahla alimsifu. Rahma alinishika mkono akaniambia, "Mama, tafadhali, usiwaambie unafanya kazi gani. Sema mfasiri. Basi. Wasijue filamu za nini." Nikamwahidi.

Posa ilikuwa baada ya Magharibi. Na kampuni ilikuwa inataka filamu yake siku ile ile, ya kuonyeshwa sikukuu. Nikasema, alasiri tutamalizia kazi, kisha tutaoga na kujifukiza udi tukae kama watu. Tukajifungia katika chumba cha kazi. Chumba kile kimepakana na majlis, sebule ya wageni, na ukutani palikuwa na tundu la kiyoyozi cha zamani, tumeling'oa, tumelifunika kwa boksi. Boksi! Sauti inapita kama haioni kitu.

Tusichokijua ni kwamba bibi yake Khalfan hapendi kusafiri jioni, anaogopa ngamia barabarani. Akaamrisha waje alasiri. Bi Thuraya akawapokea, akawakalisha majlis, akaweka halwa, akaenda jikoni kumwambia Rahma na kumimina kahawa. Hakutuita, kwa sababu alidhani tunavaa.

Sasa fikirini. Bibi na mjukuu wamekaa kimya, kwa adabu, mbele ya halwa. Na kutoka ukutani inakuja sauti yangu, ya kiume, ya kikatili.

"Chukua hii bastola, kaitie ndani ya gari yake!"

Na sauti ya Saif, inatetemeka: "Mkuu, yule kijana hana kosa lolote!"

"Nani kakwambia nataka mwenye kosa? Kaitie! Kisha nitamkamata mwenyewe, mbele ya watu."

"Na akisema kwamba si yake?"

"Nani atamsadiki? Mie ndiye polisi!"

Kisha mie tena, kwa sauti yangu ya kawaida: "Hapo sema tena, mpenzi wangu, lakini kama mtu aliyekwisha kuua."

Kwa Kiswahili, yote hayo. Tulikuwa tumeambiwa watu wa Bahla wanakuja, tukadhani ni Kiarabu kitupu. Hakuna aliyetuambia kwamba Bi Shinuna, yule bibi, kazaliwa Wete, Pemba, kaondoka kule mtu mzima, na Kiswahili chake kimenyooka kuliko changu. Khalfan naye kalelewa nacho, ingawa chake kilikuwa kinachechemea.

Bi Shinuna akamgeukia mjukuu wake akamnong'oneza, "Gari yako umefunga?"

Mie nimo, nimepamba moto. Saif nimembana ukutani, mikono juu, kavaa fulana na shuka ya wizari kiunoni. Alikuwa anasema bila mikono juu sauti haitoki. Nimemwekea mwiko kifuani, nanguruma, "Sema kwaheri!" Mara mlango ukafunguliwa.

Kijana mrefu, kanzu nyeupe inang'aa, kilemba kimekaa sawa. Akatutazama. Akautazama mwiko. Kisha akanyoosha kiganja, taratibu, kama alivyofundishwa, akasema, "Mama. Weka chini hii kitu."

Nikaweka chini mwiko.

Saif mikono bado iko juu. Akasema, "Karibu, mwanangu." Hakuishusha!

Nyuma ya Khalfan akachungulia bibi mdogo wa umbo, kajifunga buibui, macho kama ya kunguru. Mie nilichokumbuka cha kusema ni, "Shikamoo, Bibi."

"Marahaba," akajibu. "Nani anauliwa?"

Nyuma yao nikamwona Rahma ukumbini kashika sinia la vikombe. Uso ule sitausahau.

Tukaeleza. Tukawaonyesha televisheni, inspekta kaganda kwenye kioo, mdomo wazi. Tukawaonyesha kompyuta na mistari yetu. Bi Shinuna akatikisa kichwa polepole, anaelewa. Lakini Khalfan alisoma ile mistari ya Kiarabu, mmoja mmoja, na uso wake ukabadilika. Hasira ningeiweza. Huyu kijana aliumia. Akasema, "Mama Zuwena, nyinyi ndiyo mnatuona sisi hivi?"

Saif alitaka kusema, nikamzuia, maana hili lilikuwa langu.

"Hapana, mwanangu," nikamwambia. "Polisi wote wangekuwa hivi, nani angeshangaa? Nani angetengeneza filamu? Hakuna anayetengeneza filamu kwamba maji yamelowa. Watu wanatazama hii kwa sababu inawakera. Na inawakera kwa sababu wanajua polisi anatakiwa aweje."

Akavuta kiti akakaa, akaendelea kusoma. Baada ya muda akaweka kidole kwenye kioo. "Hii cheo si sawa," akasema. "Mmeandika askari. Huyu si askari, huyu mkubwa sana. Askari hawezi kumpa amri huyu." Saif akarukia kalamu. Kwa miaka tulikuwa tunawaita wote askari, hatuna wa kumuuliza! Wakainamisha vichwa wawili, cheo hiki Kiarabu chake nini, na kile je, na mtu akikamatwa anaambiwa maneno gani. Nikaanza kuvuta pumzi. Nikasema, alhamdulillahi, posa imepona.

Haikuwa imepona. Bi Shinuna alikuwa kishakaa kwenye mkeka. "Ianzisheni mwanzo," akasema. "Nataka nijue anakamatwa au hakamatwi."

Tukaitazama yote. Halwa ikahamishiwa kule, kahawa ikahamishiwa kule, Bi Thuraya akaja, Rahma akabaki jikoni nyuma ya mlango ulio wazi kidogo. Mie namfasiria bibi kwa Kiswahili, na yeye anawaonya watu wa ndani ya televisheni. "Usiingie humo! Kijana, usiingie, wamekutegea!" Kijana akaingia, ndivyo alivyoandikiwa. Bi Shinuna akajipiga kifua.

Ikafika mwisho. Kijana asiye na kosa kafungwa. Inspekta anatoka kituoni, mvua inanyesha kama kawaida, anainua kola ya koti, anakwenda zake. Giza. Majina.

"Endelea," akasema Bi Shinuna.

"Imekwisha, Bibi."

"Imekwisha vipi? Na huyo anakwenda wapi?"

"Anakwenda zake tu."

Alinitazama kama kwamba mie ndiye niliyemfungulia mlango. "Si wewe unayeandika maneno hapo chini?"

"Ndiye mie."

"Basi andika kwamba kakamatwa."

Saif, kwa heshima zake zote, akasema, "Bibi, hatuwezi kumsemesha mtu asilolisema."

"Mstari mmoja," akasema bibi. "Alikamatwa kesho yake. Watu wakalale kwa raha."

"Bibi, haiwezekani."

Bi Shinuna akajifunga buibui vizuri, akamwambia mjukuu wake, "Inuka twende. Sikuleta posa kwenye nyumba inayoachia mwizi akaenda zake."

Nyie mnacheka. Mie sikucheka. Kompyuta ilikuwa mbele yangu, na kuandika mstari ule ni kazi ya kupiga chafya mara moja. Nani Maskati angejua? Nani Ibra angelalamika? Na nyuma ya mlango ule najua mwanangu kasimama, haweki hata mguu chini vizuri. Vidole vyangu vilikuwa juu ya herufi, nawaambia kweli. Lakini wale waliotengeneza filamu walitaka mtu arudi nyumbani kakasirika. Ile hasira ndiyo bidhaa yenyewe. Nikiitoa, nimewauzia watu boksi tupu. Na leo nikimfunga huyu kwa ajili ya Rahma, kesho nitamfunga mwengine kwa ajili ya jirani, na sitakuwa mfasiri tena, nitakuwa hakimu, tena hakimu wa uongo.

Nikatoa mikono. "Nisamehe, Bibi," nikasema. "Siwezi."

Hapo Khalfan akasimama. Nikasema, basi, wanakwenda. Akarekebisha kilemba chake. Akatoa kalamu mfukoni. Akaniuliza, kwa sauti ya kazi kabisa, hana hata chembe ya mzaha usoni, "Mama Zuwena. Hii mtuhumiwa, jina lake nani?"

Nikamtajia jina la inspekta.

"Anakaa wapi?"

"London," nikasema. "Karibu na mto."

"Koti rangi gani?"

"Kijivu."

Akaandika kwenye kiganja. Kisha akapiga magoti mbele ya bibi yake, akamshika mkono. "Bibi, Mama Zuwena kazi yake kusema alichosema mtu. Kukamata si kazi yake. Kukamata kazi yangu mimi. Mimi ntamshika hii mtu. Wallahi ntamshika."

Bi Shinuna akamtazama, midomo imebana, anajizuia. Na kutoka jikoni kikatoka kicheko. Kicheko cha Rahma, kile anachojitahidi kukimeza kikamtokea puani, kikafuatiwa na kwikwi, na kwikwi ikafuatiwa na sahani kuanguka.

"Nani huyo?" akauliza Bi Shinuna.

"Ndiye," nikasema.

"Ndiye anayecheka hivyo?"

"Ndiye, Bibi. Hana kicheko chengine."

"Mleteni nimwone," akasema. "Na mnimiminie kahawa, hii imepoa."

Wakaoana, mnajua, nyie wengine ndio ushahidi. Filamu ilikwenda Maskati kama ilivyo, mwizi anakwenda zake katika mvua, vyeo vyote sawa. Tangu siku ile hatukupeleka filamu ya polisi kabla Khalfan hajaipitia, na Saif alikuwa anamngojea kama mtoto anavyongojea sikukuu.

Kompyuta zenu siku hizi zinafasiri zenyewe. Majuzi mmoja wenu kanionyesha, na mie nikaijaribu kwa yule polisi aliyepinda. Ikaandika "polisi aliyekunjwa". Nimecheka mpaka nikaitiwa daktari. Kwa hiyo kazi ipo, wanangu, msivunjike moyo.

Lakini Bi Shinuna hakusahau. Kila Khalfan akienda Bahla kumwamkia, kabla hajakaa, anaulizwa, "Umeshamkamata?" Na yeye: "Bado, Bibi. Kaonekana mji wa Adam, soko la mbuzi." Mara nyengine, "Kaonekana Birkat al Mauz, kajificha kwenye migomba." Miaka ikapita hivyo, Khalfan kapanda cheo, bibi kazeeka, inspekta anazunguka mkoa mzima wa Dakhiliya na koti lake la kijivu katika jua lile.

Siku moja mchana simu ikalia. Khalfan, ananong'ona, yuko uani kwa bibi yake. "Mama, leo nimemwambia nimemshika. Kafurahi sana. Lakini ananiuliza, alisema nini alipokamatwa? Mimi sijui. Mama, alisema nini?"

Saif alikuwa karibu yangu. Tukatazamana. Maisha yetu yote hatukuwahi kumwongezea mtu neno. Saif akainua mikono juu, kama siku ile, akasema, "Mie sikuoni."

Nikamwambia Khalfan ampe bibi simu. Nikasafisha koo, nikaivaa ile sauti.

"Nani," nikanguruma, "nani aliyekwambieni nilipo?"

Nikasikia pumzi ya kizee, kisha kicheko chembamba, cha msichana wa Wete.

"Mwambie ni mie," akasema. "Mwambie ni Shinuna. Na simwogopi."